Mbele ya kununua pakiti, tunuse kwanza pumba



Msimu huu, karibu kila mkutano wa koperative ambao nimefika, swali moja linarudi: "Agro, ile unga ya antioksidanti iko muzuri kwa tumbo ya nguruwe, ao ni bure?" Wauzaji wanatembea nayo sokoni, ndani ya karton zilizofungwa nyuma ya pikipiki. Pakiti ina picha ya nguruwe mnene na jogoo anayeng'aa. Maandishi yanasema inalinda matumbo, inazuia kuhara, inaongeza kilo. Na sasa koperative kadhaa zinataka kupeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu: kutoa feza kwenye kasha ya pamoja na kununua pakiti kwa wanachama wote.

Mimi nitasema hapana. Si kwa maana unga wote ni uongo. Lakini kasha yetu ni ndogo, na ile kazi ambayo unga unaahidi, sehemu kubwa inafanywa na vitu ambavyo tayari viko kwetu, na sehemu ingine hakuna unga wowote unaoweza kuifanya. Nitaeleza, kiisha kila mmoja ataamua mwenyewe siku ya kupiga kura.

Antioksidanti ni nini? Jembe likiachwa inje kwenye umande linapata kutu. Mawese yakikaa jua nyingi yanageuka harufu na yanakwaruza koo. Zote mbili ni kazi ya oksijeni. Ndani ya mwili wa mnyama pia, oksijeni inachoma chakula kila dakika ili mnyama apate nguvu, na kwenye huo moto kunaruka cheche. Kwenye masomo tunaziita radikali huru. Cheche hizi zinaharibu mafuta yaliyo kwenye ukuta wa seli. Mwili una wazimaji moto wake. Vitamini E inakaa ndani ya yale mafuta na kukamata cheche. Vitamini C inaisaidia. Seleni, madini ambayo mnyama anahitaji kidogo sana, inaingia katika enzimu ambayo inafanya kazi hiyohiyo. Vitamini E iligunduliwa mwaka wa 1922, kule California, na Herbert Evans na Katharine Bishop. Seleni ilikuwa inajulikana tu kuwa sumu ya mifugo mpaka mwaka wa 1957, wakati Klaus Schwarz alionyesha kwamba ikiwa kidogo, mwili hauwezi kukosa. Mkumbuke hiyo historia ya sumu, tutairudilia.

Sasa juu ya nini tumbo? Ngozi ya ndani ya utumbo ni nyembamba kupita karatasi: ni mstari mmoja tu wa seli, na seli hizo zinakufa na kubadilishwa kila siku chache. Kwa hiyo kitu chochote kibaya kikiingia, chakula kilichooza, uvundo, njaa ya siku mbili, utumbo njo unaumia wa kwanza. Mtoto wa nguruwe akiachishwa maziwa anakaa siku moja ao mbili bila kula vizuri. Vile vidole vidogovidogo vya utumbo vinavyonyonya chakula vinafupika. Kiisha njaa inamshika, anakula kwa nguvu, chakula hakinyonywi, na kuhara kunaanza. Wakati huohuo vitamini E katika damu yake inashuka. Mpaka hapa, muuzaji wa pakiti hajasema uongo.

Lakini tujiulize: ile unga ilitengenezwa juu ya nguruwe wa nani? Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya, watoto wa nguruwe wanaachishwa wakiwa na wiki 4 tu, wakati mwingine hata mbele ya pale, ili mama yao abebe mimba haraka. Zamani waliwazuia kuhara kwa kuwalisha antibiotike kidogokidogo kila siku. Umoja wa Ulaya ulikataza antibiotike za kukuza mifugo tangu tarehe 1 mwezi wa 1, 2006. Wakakimbilia oksidi ya zinki kwa kipimo kikubwa, na hiyo nayo ikakatazwa mwezi wa 6, 2022, juu zinki ilikuwa inajaa ndani ya udongo na inasaidia vijidudu kuzoea dawa. Ni hapo kila kiwanda kilianza kutafuta kitu cha kujaza lile pengo: vitamini E nyingi, seleni, unga wa majani, maganda ya zabibu. Katika majaribio yao matokeo hayafanani. Mara vitamini E inapanda katika damu lakini kuhara hakubadiliki. Mara kunapungua kidogo.

Sisi tunaachisha kwa miezi 2. Nguruwe wetu wa wiki 8 tayari anajua kula, amekwisha kuchimba udongo na kutafuna matembele pamoja na mama yake. Tatizo la yule wa wiki 4 si lake. Kununua dawa ya shida ya jirani ni vizuri kama una feza nyingi.

Shida yetu ninaiona mahali pengine, na ninaisikia kwa pua mbele ya kuiona kwa macho. Wafugaji wa Bonde la Ruzizi, wale wa Sange na Luberizi na Kiliba, wanajua mashine za kukoboa mpunga. Pumba ya mpunga ni chakula kizuri, ina mafuta mengi na vitamini E yake mwenyewe. Lakini mara tu mpunga unapokobolewa, enzimu iliyokuwa imefungwa ndani ya punje inakutana na mafuta na kuanza kuyavunja. Kiisha oksijeni inamalizia kazi. Kwa joto la bonde, baada ya siku chache tu ile harufu tamu inaanza kuwa chungu, na baada ya wiki kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa, pumba inanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyotumiwa mara kumi. Vitamini E iliyokuwamo imekwisha kujitoa yote kupigana na ule uchungu. Tena mnyama anayekula mafuta machungu anatumia hata ile vitamini E ya mwili wake kujilinda. Basi asubuhi unamwekea pakiti ya antioksidanti juu ya sahani ya pumba ambayo inakula antioksidanti. Ni kama kumwaga maji kwenye kitunga.

Pumba ya mahindi ni hivyohivyo, kwa maana kiini cha mahindi ndicho chenye mafuta. Kwa hiyo usinunue pumba ya mwezi mzima juu bei ni nzuri. Nunua ya wiki moja, ao mbili kwa zaidi. Uliza mashine imekoboa siku gani. Chukua kidogo kwenye kiganja, nusa, onja kwa ulimi: ikikwaruza, mwachie mwenyewe. Pumba inayotakiwa kukaa, ikaange kavu kwenye sufuria pana siku ileile ya kukoboa, ukigeuzageuza mpaka ipate moto vizuri bila kuungua, kiisha ipoe mbele ya kuingia mfuko. Moto unaua ile enzimu. Ni kazi ya kuni, najua, na kuni si bure. Kwa hiyo mimi napendelea ile ya kununua kidogo mara nyingi, na hapa koperative inaweza kusaidia kupita pakiti yoyote: kupatana na mwenye mashine atoe pumba mpya kila wiki kwa bei moja.

Kuvu ni jambo zito zaidi. Mahindi yaliyovunwa mvuani, yakalala chini, yakawa na weusi ao kijani, tunasema "ya watu hapana, ya nguruwe sawa." Si sawa. Ile kuvu ya kijani inaweza kutoa aflatoksini. Dunia iliijua mwaka wa 1960, wakati bata mzinga kupita 100 000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Inaharibu ini, inadhoofisha kinga hata chanjo inashindwa kushika, inaumiza utumbo. Ndiyo, sehemu ya uharibifu wake inapita kwa njia ya zile cheche, na ni pale wauzaji wanaingilia: "weka unga wetu, sumu itakwisha." Haitakwisha. Antioksidanti inaweza kupunguza maumivu ya ini kidogo, lakini sumu inabaki mle ndani ya sahani. Kupika hakuiondoi pia. Na kwa ng'ombe na mbuzi wa maziwa, sehemu inapita kwenye maziwa, na maziwa yanaenda kwa mtoto.

Dawa ya kuvu ni kukausha. Kwa wale wasiokuwa na kipimo cha unyevu, kuna chupa na chumvi, njia ya zamani na inafanya kazi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikishikana na kioo, mahindi bado yana maji kupita asilimia 15, rudisha juani. Ikianguka yote chini, yanaweza kuingia gala. Na yaanikwe juu ya bashe, si juu ya udongo.

Kuna mnyama mmoja ambaye kwake antioksidanti si mchezo hata kidogo, na cha ajabu ni kwamba wauzaji hawamtaji: simbilisi, yule wengi tunamwita kobayi. Nguruwe anajitengenezea vitamini C katika ini, kuku katika figo, mbuzi na ng'ombe pia wanajitengenezea. Simbilisi hawezi, sawa na sisi watu. Anahitaji karibu miligramu 10 kila siku kwa kila kilo ya mwili wake, na jike mwenye mimba anahitaji mara mbili ao tatu ya hiyo. Akikosa, katika wiki mbili hivi manyoya yanasimama, viungo vinavimba, anatembea kama mzee, anahara, jike anatupa mimba. Wamama wengi wa Kivu wanafuga simbilisi jikoni juu ndiyo akiba yao ya haraka: karo ya mtoto, sabuni, mgonjwa. Wakati wa kiangazi majani ni machache, wanawapa maganda ya viazi na pumba, na vifo vinaanza. Wanasema ni baridi ya jiko. Mara nyingi ni vitamini C.

Tena dawa yake iko uwanjani. Majani mabichi ya siku ileile: matembele, lengalenga, majani ya kabichi, nyasi changa. Yaliyokauka juani yamepoteza karibu vitamini C yote, kwa hiyo majani ya jana yaliyonyauka yanajaza tumbo tu. Pera moja iliyoiva ikikatwa vipande inatosha simbilisi wengi. Panda mistari miwili ya matembele karibu na mahali unapomwaga maji ya kuoshea vyombo, utakuwa na kijani hata mwezi wa 7. Lakini si kila jani: majani ya avoka ni sumu kwa simbilisi, sungura na mbuzi, na nimeona watoto wakiyakata kwa sababu yako karibu. Na sombe, kwa nguruwe, iache inyauke kwanza.

Juu ya tumbo la simbilisi na sungura nitaongeza jambo moja ambalo ningependa lisomwe kwa sauti kwenye mkutano. Usiwape amoksisiline wala ampisiline, zile kapsuli za farmasi, hata kama wanahara. Tumbo lao linaishi kwa vijidudu vizuri vinavyochachusha majani. Hizo dawa zinaua vile vizuri na kuacha vibaya, na mnyama anakufa kwa siku chache kwa kuhara kubaya kupita kule kwa kwanza.

Turudi kwa seleni. Pakiti nyingi zinaandika "vitamini E + seleni", na watu wanasoma kama vile ni chumvi na sukari. Nguruwe anahitaji karibu miligramu 0,3 tu kwa kila kilo ya chakula kavu. Ikifika 5 mpaka 10 inakuwa sumu: manyoya yanaanguka, kwato zinaachana na mguu. Kati ya dawa na sumu kuna hatua fupi, na sisi tunapima kwa kijiko, ao kwa kifuniko cha chupa, na jirani anasema "ongeza kidogo, huyu ni mkubwa." Kuna fundisho lingine lililotoka hapa kwetu Kongo. Kule Karawa, kaskazini ya nchi, watu walikosa iyodi na seleni pamoja, na goita ilikuwa nyingi. Watafiti waliwapa seleni peke yake. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1991: kwa wagonjwa ambao tezi yao ilikuwa imedhoofika, homoni zilishuka zaidi. Ilibidi iyodi itangulie. Walikuwa watu, si nguruwe, lakini mimi ninachukua hapo kitu kimoja: mwili wenye upungufu wa vitu vingi hauponi kwa kuongezewa kimoja kilichopendeza macho, na mara ingine unaumia. Nguruwe wetu wanakosa protini, chumvi, maji safi. Tuanzie hapo.

Kuna mahali ambapo nitakubali vitamini E na seleni bila kubisha. Mwana-mbuzi ao ndama anayezaliwa na misuli dhaifu, hawezi kusimama, na veterineri akaona ni ugonjwa wa misuli nyeupe: sindano moja inaweza kumsimamisha. Mwenye kufuga kuku wa mayai mia tatu ndani ya nyumba iliyofungwa, ambao hawaoni jani wala mdudu, huyo anatakiwa vitamini kamili katika chakula, na anajua hivyo. Lakini kuku wa kijijini akipinda shingo, usikimbilie pakiti. Vitabu vinasema kifaranga anayekula mafuta machungu bila vitamini E anapinda kichwa, na ni kweli. Kwetu hapa shingo iliyopinda ni ugonjwa wa Newcastle kwanza, na hiyo inazuiwa kwa chanjo peke yake.

"Lakini wangu walipona," mama mmoja aliniambia, na alikuwa na pakiti mkononi. Sikumbishia. Nilimwomba tusome pamoja mgongo wa pakiti. Kati ya vitamini A, D3 na E kulikuwa kumeandikwa, kwa herufi ndogo, oksitetrasikline. Ni antibiotike. Pakiti za namna hiyo ni nyingi sokoni. Basi kilichoponya, kama si siku zenyewe kupita, pengine ni antibiotike, na mayai ya wiki ile aliuza bila kungoja, juu hakuna aliyemwambia angoje. Kuhara kwa watoto wa nguruwe mara nyingi kunakwisha kwenyewe kwa siku chache wakipata maji safi na mahali pakavu, na kile ulichowapa siku ya tatu kinapokea sifa zote. Tusome mgongo wa pakiti, wandugu, si uso wake. Tuangalie tarehe ya mwisho, na tuulize imekaa wapi: vitamini C haipendi joto wala jua, na karton iliyokaa miezi chini ya bati la soko inaweza kuwa sukari ya bei kali.

Sasa hesabu, ya mfano tu. Tuseme pakiti ni franga 8 000 na koperative ina wanachama 60. Pakiti moja kila mwezi ni franga 480 000. Miezi 3, franga 1 440 000. Mezi wa nne, pakiti zimekwisha na hakuna kilichobaki mikononi. Feza hiyohiyo ikiingia kwenye bashe za kuanikia, zitafanya kazi misimu kadhaa. Ikiingia kwenye chanjo ya Newcastle kila miezi 3 ao 4, kuku watabaki wakati jirani analia. Mbao za kuinua sakafu ya zizi ili mkojo upite chini zinapunguza kuhara kwa sababu rahisi: mayai ya vijidudu vya koksidiozi yanahitaji unyevu ili yaive na kuambukiza. Zizi kavu linayakatia njia.

Najua kuna wanachama ambao hawatashawishika, na ni haki yao. Kwao napendekeza tusitumie kasha, tununue pakiti moja tu na kuijaribu wenyewe. Tuchukue watoto wa nguruwe wa mama mmoja, siku wanapoachishwa, tuwagawe mara mbili: uzito uleule, pumba ileile mpya, maji yaleyale, zizi moja lenye ukuta katikati. Kundi moja lipate unga, lingine lisipate. Kila siku ya soko tuwapime wote, tuandike pia siku za kuhara na waliokufa, kwa makundi yote mawili, miezi 2. Na tufanye hivyo kwa mama watatu ao wanne, juu mama mmoja anaweza kutudanganya. Mizani ya kutundika iko kwenye depo, daftari nitaleta mimi. Wanaotaka kutoa nguruwe zao kwa jaribio wamwandikishie sekretari mbele ya mkutano mkuu.